Zipo Tele

Watu wakisikia kazi yangu hucheka kwanza. Nasafirisha punje. Si za mahindi wala za mchele, ni punje za mbao: ule unga unaobaki kiwandani mbao zikipasuliwa, ukakandamizwa kwa mashine mpaka ukawa vijipande vigumu, vyembamba kuliko kidole chako kidogo. Zinaingia kwenye boila, zinawaka taratibu, nyumba nzima inapata joto. Kwenye karatasi za kiwanda zinaitwa peleti. Sisi huku tunasema punje, na mimi mwenyewe naitwa Punje, mwaka wa ishirini na sita sasa. Hata msajili wa ndoa yangu nusura aandike hivyo kwenye cheti.

Na msinidharau, kazi yenyewe si ya kitoto. Gari langu lina tangi kubwa mgongoni na pampu ya upepo. Nikifika kwa mteja nakokota mpira mnene wa mita thelathini, nauchomeka kwenye bomba la ukutani, halafu nazipuliza punje mpaka ndani ya stoo. Huko ndani lazima kuwe na pazia la mpira linaloning'inia mkabala na bomba, ili punje zigonge pale. Zikigonga ukuta zinavunjika, zinarudi kuwa unga, na unga unaziba boila. Jambo jingine: boila lazima izimwe saa kadhaa kabla sijajaza. Hili la boila kuzimwa naomba mlikumbuke, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Stoo ya nyumbani kwetu aliijenga baba, aliyekuwa seremala. Ni chumba kidogo kinachopakana na jikoni, chenye mlango wake wa uani. Ukiufungua hukutani na punje moja kwa moja, zingekumwagikia miguuni. Unakutana na mbao tisa zilizolazwa moja juu ya nyingine, zimechomekwa kwenye mifereji ya chuma pande zote mbili. Punje zikipungua unachomoa ubao wa juu, halafu unaofuata, ili uweze kuchungulia. Upande wa nje baba alizipaka rangi ya kijani. Upande wa ndani aliuacha hivyo hivyo, mbao tupu.

Enzi hizo punje zililetwa kwa magunia. Baba alikuwa anapanda kwenye kigoda, anamimina gunia moja baada ya jingine, na sisi tumesimama uani tunasikiliza. Ah, ile sauti! Kama mvua inayoanza kwenye bati. Halafu harufu ya mbao mbichi inatoka mlangoni, inaingia jikoni, inakaa kwenye nguo zetu wiki nzima. Shuleni walinijua kwa pua kabla hawajaniona. Mpaka leo, mwaka wa ishirini na sita wa kazi, nikifungua tangi asubuhi na ile harufu ikanipiga, nakuwa mtoto wa miaka saba mwenye makamasi.

Siku moja kabla ya shehena mpya kufika, kila mwaka, mama alichukua penseli ya baba, ile bapa ya useremala, akainama juu ya mbao akapiga mstari kwa upande wa ndani, pale punje zilipoishia. Juu ya mstari aliandika maneno mawili matatu. Aliikandamiza penseli mpaka herufi zikachimba. Baba alimuuliza kila mwaka kwa nini asiandike kwenye daftari kama watu wengine, na mama akamjibu kila mwaka kwamba daftari hupotea. Baba alipofariki, mama aliendelea. Nilipoacha ufundi na kununua gari la punje, mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye. Akataka nimwekee tarehe maalumu: Alhamisi ya kwanza baada ya majani kuanza kupukutika. Nikaiandika juu kabisa ya orodha iliyobandikwa kwenye gari, na ikabaki hapo.

Sasa nije kwenye baridi ya mwaka jana. Kiwanda kiliharibikiwa mashine, kikanipa nusu ya mzigo, na mimi nikawagawia wateja wangu wote nusu nusu, mama akiwemo. Matokeo yake, katikati ya baridi wote wakaishiwa kwa pamoja. Simu ililia mpaka nikatamani kuitupa mtoni. Huyu ana mtoto mchanga, yule ana mama mkwe mgonjwa, mwingine ananitukana tu. Na barabara imeganda barafu, gari linateleza kama sabuni bafuni.

Nikampigia mama. "Mama, zimebaki kiasi gani?"

"Zipo tele, baba," akasema. "Usikimbie. Anza na wenye watoto."

Basi, nikaanza na wenye watoto. Mama nikamweka mwisho. Mtu wa nyumbani atasubiri, si ndiyo tunavyofanya? Zikapita siku tisa ndipo nikafika kwake. Nilimkuta jikoni amevaa sweta mbili na kitambaa kichwani, anatabasamu. Nikashika bomba la joto ukutani. Baridi kama chuma cha nje.

"Mama! Mbona nyumba imepoa hivi?"

"Nimeizima mimi boila asubuhi," akasema. "Si wewe mwenyewe unatuambia izimwe kabla ya kujaza? Au sheria zako haziwahusu wazazi?"

Nikacheka. Nikajaza stoo. Nikanywa chai yake, nikaenda zangu. Wiki sita baadaye kifua kilimbana, na kabla theluji haijayeyuka yote tulikuwa tumeshamzika.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Lakini lile bomba la baridi halikutoka mkononi mwangu. Je, kweli aliizima mwenyewe, au zilikuwa zimekwisha na yeye amekaa kwenye baridi siku zote hizo kwa sababu yangu? Jibu nililijua liko wapi. Lilikuwa kwenye ubao wa chini kabisa, upande wa ndani, kwa sababu mama hakuwahi kuacha mwaka upite bila kuandika. Na mimi, mwanaume mzima mwenye kitambi, niliogopa ubao.

Nyumba tukaiuza. Mnunuzi ni daktari wa meno, mtu mpole, akasema ataivunja ile stoo aweke baiskeli zake. Dada yangu akasema sawa, vunja, lakini mbao tisa ni zetu. Huyu dada ni mwalimu wa hesabu, amenizidi miaka minne, na hajanisamehe mpaka leo kwa kuzaliwa. Anaishi mbali. Tukakubaliana: atakuja Jumamosi, achomoe mbao, na Jumapili saa sita mchana tukabidhi funguo. Alijua stoo iko karibu tupu, kwani punje za mwisho zilichomwa wakati wa msiba na baada yake, nyumba ilipojaa wageni.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo niliamka mapema, nikapakia, nikashika orodha yangu, nikaanza na jina la kwanza kama ninavyoanza miaka yote.

Naapa sikuwa na mawazo mengine. Mikono ndiyo iliyoendesha. Niliingia uani kinyumenyume, nikafungua stoo. Mbao saba zilikuwa zimeegemezwa ukutani, mbili za chini zimebaki mahali pake. Nikazirudisha zile saba moja moja. Nikahakikisha pazia linaning'inia sawa, nikafunga mlango, nikachomeka mpira, nikawasha pampu. Tani tatu. Niliposikia sauti ya bomba imebadilika, imekuwa nzito, nikajua imefika juu. Nikazima. Nikaanza kukunja mpira, na kama kawaida yangu nikaelekea dirisha la jikoni nikapaza sauti:

"Mama, imejaa!"

Dirisha halina hata pazia. Ndani hakuna meza.

Jamani. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya uani, mpira mikononi, nikalia kama mtoto. Jirani akachungulia, akaona, akarudisha kichwa chake ndani kwa heshima.

Ningeweza kumpigia dada simu siku ile ile. Sikupiga. Nilijiambia nitapiga kesho, na kesho yake nikajiambia nina kazi nyingi. Jumamosi asubuhi akafika na begi tupu na nyundo, akafungua mlango wa stoo, akaona mbao zote tisa zimejipanga kama askari. Akachomoa wa juu kidogo tu, punje zikamporomokea viatuni.

"We Punje!" Sauti yake ilinifikia barabarani kabla sijazima gari. "Njoo hapa! Hiki nini?"

"Punje," nikamjibu.

"Usinifanyie utani mimi. Nani kaleta?"

"Mimi. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza, dada. Nilijisahau."

Akanitazama vile anavyowatazama wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbwa. "Ulijisahau ukaja kumjazia marehemu."

"Ndiyo."

"Na hizi mbao, umezirudishia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Zile mbili za chini hukuziona?"

"Sikutazama chini."

Yeye si mjinga, na mimi sijui kuficha kitu, uso wangu unanisaliti tangu utoto. Lakini hakunibana. Alivua koti lake zuri, akalitundika kwenye msumari wa baba, akauliza kwa sauti ya darasani, "Haya, zinanyonywaje?"

"Hazinyonywi. Gari langu linapuliza tu."

"Kwa hiyo tunatoa kwa mkono."

"Kwa mkono. Na si sasa hivi. Kwanza mlango ukae wazi saa nzima. Punje zikifungiwa zinatoa hewa mbaya, haina harufu wala rangi, unaanguka kabla hujajua."

"Tani tatu," akasema, na nikamwona anapiga hesabu kichwani. "Gunia la kilo kumi na tano. Magunia mia mbili. Mungu akusamehe, maana mimi sijui kama nitaweza."

Tukaanza saa tatu asubuhi. Mimi nachota kwa koleo, yeye ameshika mdomo wa gunia, nafunga, nabeba, napandisha garini. Hazihitaji kutoka zote, nilimweleza, zikipungua mlangoni nyingine zinateremka zenyewe, lakini mpaka ubao wa chini utachomoka kuna safari. Kila tulipofika usawa wa ubao tuliuchomoa, tukaugeuza, tukausoma juani.

Mbao za juu zilikuwa za miaka ya raha, miaka ambayo punje zilibaki nyingi. *Baridi ya kitoto mwaka huu.* Mstari mwingine: *Binti kafaulu hesabu, kaanza kuringa.* Dada akacheka mpaka akaachia gunia, nusu yake ikamwagika. Ubao wa tatu: *Kijana kanunua gari. Mpira umemgonga kichwani, anasema haumi.* Hiyo kweli, na uliniuma sana. Ubao wa tano tukausoma wote wawili kimyakimya: *Mzee hayupo. Zimebaki nyingi, napasha moto chumba kimoja.* Dada akaufuta vumbi kwa kiganja, akaulaza juu ya koti lake.

Mchana tukala mikate tumesimama. Vumbi limetuingia mpaka kwenye kope. Mikono yake ya chaki ilianza kutoka malengelenge, nikamwambia apumzike, akaniambia nifunge domo nichote. Lakini jinsi mbao zilivyopungua ndivyo nilivyozidi kuchota polepole. Ubao wa saba, nikawa nafunga kila gunia mara mbili. Wa nane, nikasimama kabisa.

"Nini?" akauliza.

"Dada, ule wa mwisho chukua wewe. Nenda nao kwako. Usinisomee."

"Kwa nini?"

Basi nikamwaga moyo. Nikamweleza yote: nusu nusu, simu, siku tisa, sweta mbili, bomba la baridi. Nikamwambia, "Kama zilimwishia, mimi ndiye niliyemuua mama yetu. Niliwapasha moto watu wa mji mzima nikamwacha yeye."

Dada alichukua koleo mkononi mwangu akamalizia yeye mwenyewe. Alipofika sakafuni alipiga magoti, akaushika ubao wa tisa kwa mikono miwili, akautikisa mpaka ukatoka kwenye mifereji. Akaugeuza.

Haukuwa na mstari mmoja. Ulikuwa na mistari mingi imekaribiana, inashuka kama ngazi. Mama alikuwa amepima kila siku.

"Nasoma," akasema dada. "Ziba masikio kama unataka."

Sikuziba.

"*Jumamosi. Nimefunga chumba cha juu.* Halafu hapa, *Jumatatu. Nimefunga sebule, nahamia jikoni.* *Jumatano. Kapiga simu. Nimemwambia zipo tele. Barabara ina barafu na yeye akiharakishwa huendesha vibaya.*" Akauinamisha ubao kwenye mwanga. Akaendelea. "*Ijumaa. Nawasha saa moja asubuhi na saa moja jioni.* Na huu wa chini kabisa, karibu na sakafu. *Jumapili. Boila imezimika yenyewe. Akija nitamwambia nimeizima mimi.*"

Nilishika fremu ya mlango ile aliyoiranda baba, nikasema, "Nilijua. Nilijua, dada. Nilishika bomba kwa mkono huu nikajua, nikacheka ili nisijue."

Alikaa sakafuni, ubao mapajani. Nilisubiri anitukane, na angenitukana ningepata nafuu. Mwishoni akasema, "Jumamosi hiyo nilimpigia mimi. Nilimpigia kila Jumamosi. Unajua aliniambia nini? Aliniambia nyumba ina joto mpaka kafungua dirisha." Akacheka cheko moja baya, halafu akaanza kulia kwa sauti, mwalimu mzima, machozi yakichora mifereji kwenye vumbi la mbao mashavuni. "Dirisha, Punje! Na mimi nikamwambia apunguze, asifuje."

Nikakaa kando yake. Tulilia pamoja pale tulipokatazwa kucheza tukiwa wadogo. Hakuna aliyemsamehe mwenzake, maana hakuna aliyejua aanzie wapi. Jua likahama kutoka mlangoni, nikasimama, nikatoa punje zilizobaki, nikafagia.

Mbao nane alizichukua yeye, zimefungwa kwenye koti lake. Wa tisa alinipa mimi. "Huu ni wako," akasema, "na usiufiche kabatini." Jumapili tulimkabidhi daktari wa meno funguo, akashangaa stoo safi namna ile, akasema hatukuwa na haja ya kujisumbua. Dada akamjibu kwamba si usumbufu.

Ubao nimeufunga ndani ya gari, nyuma ya kiti cha abiria, maandishi yakinitazama. Orodha yangu ya zamani nimeichana. Siku hizi mteja akinipigia anafoka kwamba zimekwisha, njoo mbio, namwambia kwa upole asubiri zamu yake, mwenye nguvu ya kufoka bado ana joto.

Wiki iliyopita baridi kali ya kwanza ilipoingia, nilimpigia nesi mmoja mstaafu, anaishi peke yake mwisho wa mtaa wa juu. Nikamuuliza zimebaki kiasi gani.

"Aa, zipo tele mwanangu," akasema. "Anza na wengine."

Niliacha chai mezani, haijapoa. Nilimkuta mlangoni amevaa sweta mbili, ameduwaa kuniona. Nikaingia, nikaweka mkono kwenye bomba. Baridi.

"Nimeizima mwenyewe," akasema haraka. "Si mlisema izimwe kabla ya kujaza?"

"Ndiyo, mama. Tulisema."

Nikavuta mpira, nikachomeka, nikawasha pampu. Nikasikiliza mpaka sauti ya bomba ilipokuwa nzito, nikazima, nikaenda chini ya dirisha la jikoni.

"Mama, imejaa!"

"Haya, baba," akaitika. "Nimekusikia."